KITAMBAA CHA CHINI
Hotuba ya Katibu wa Chama kwa Wanachama, Mtumba



Twawapongeza nyote kwa kuufikisha umoja wetu katika mwaka wake wa 10. Wengine watawaeleza habari za hesabu na majengo. Sisi wa ofisi ya katibu tumeomba nafasi ya kusema juu ya swali moja tu, ambalo limeletwa mara nyingi dirishani petu: ni kitambaa gani kifaacho kushonewa upande wa chini wa mfarishi wa kiwanjani?

Mfarishi wenyewe mwaujua. Juu ni vipande vya kanga na vitenge vilivyochakaa, katikati ni matambara, na chini ni kitambaa cha kuzuia maji. Mchana akina mama huukalia wakibangua karanga. Usiku mlinzi wa mavuno huulalia. Na wingu likitanda ghafula, mfarishi huo huo hugeuzwa ukafunika lundo. Ni kwa ajili ya kazi hiyo ya tatu swali dogo limekuwa kubwa.

Katika nchi yetu hii ya Dodoma mvua huanza Novemba au Desemba, nayo hukoma Aprili. Karanga zaweza kung'olewa kabla mvua za mwisho hazijatuaga. Karanga ikikaa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo yaweza kuzaa sumukuvu, ambayo jicho haliioni wala chungu cha mpishi hakiiondoi. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na baadhi yao wakafariki. Hayo yalitukia kwetu, si ng'ambo.

Hapana budi tukiri kosa letu wenyewe. Zamani kidogo ofisi yetu ilishauri mifarishi ishonewe karatasi ya nailoni, kwa kuwa ilikuwa rahisi na haikupitisha hata tone. Mwanachama mmoja akafunika karanga ambazo hazijakauka. Usiku ule mvua haikunyesha, walakini asubuhi karanga za juu zilikuwa zimelowa. Je, maji hayo yalitoka wapi? Yalitoka katika karanga zenyewe. Mvuke ulipanda, ukaikuta nailoni iliyopozwa na baridi ya usiku, ukageuka matone. Lundo likaendelea kufunikwa siku tatu, kisha likateketezwa. Mwenye mali hakutulaumu kwa maneno. Ila msimu uliofuata hakutuletea karanga.

Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapa Mtumba mwaka 2019, maduka yameongezeka na vitambaa vya namna nyingi vimetufikia. Yatupasa kuvijua kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza, karatasi ya nailoni. Huzuia maji, lakini huzuia na mvuke. Tena huchanika penye matundu ya sindano.

Pili, salfeti. Imefumwa kwa nyuzi bapa, na maji hupenya kati ya nyuzi hizo ikiwa haikupakwa utando. Jua huila hata ikawa unga.

Tatu, turubai la plastiki lililofumwa na kupakwa utando pande zote mbili. Ni jepesi na huzuia maji vyema, lakini tundu likitobolewa halijizibi, nalo pia halipitishi mvuke.

Nne, turubai zito la pamba. Nyuzi zake zikilowa huvimba na kubana nafasi zilizo kati yake, na likiwa kavu hupitisha hewa. Aibu yake ni uzito na bei, na kwamba huoza likikunjwa bichi.

Shauri letu ni hili. Mwenye uwezo na achague turubai la pamba. Asiye nao na achague lile la plastiki lililofumwa, ila asilishone moja kwa moja na matambara. Alifunge kwa vifungo pembeni tu, apate kulivua na kuanika kila upande peke yake. Maana unyevu ukishaingia katikati hauna mlango wa kutokea. Mishono iwe michache, isipite katikati ya kitambaa cha chini, na isuguliwe kwa nta ya nyuki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kununua, jaribuni hivi: shikeni kitambaa kama bakuli juu ya majivu makavu, mmimine kikombe cha maji, mngoje saa moja. Majivu yakilowa, kirudisheni kwa mwenye duka.

Na kitambaa kiwe kizuri namna gani, kisilazwe juu ya karanga mbichi. Simikeni miti, mkitandaze juu yake kama paa, upepo upite chini. Na mvua ikiisha kiondolewe mara moja, karanga zirudi juani.

Ndugu wanachama, ajenda ya mwisho leo yawaomba kura zenu, ili Chama kinunue turubai la pamba kwa jora na kila mwanachama akatiwe kipimo chake, akilipia mavuno yakishauzwa. Mtu mmoja hununua kinachomudu mfuko wake, ndipo hupata nailoni. Wengi wakiungana hununua kinachofaa. Kwa sababu hiyo wazee wetu waliunda ushirika.

Yule mwanachama wa lundo lililoteketea yupo nasi hapa leo. Twamwomba, mbele yenu nyote, awe wa kwanza kukatiwa, na kipimo chake kilipiwe na sisi watumishi wa ofisi.