JASHO LA BATI SI KUVUJA KWA PAA

(Maneno ya Kamati ya Ghala katika mkutano wa wanachama. Tunayaandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Tunaanza kwa kuomba radhi. Mwezi wa saba tulipokuta magunia ya juu yamelowa ghalani, sisi wa Kamati tulisema palepale: bati linavuja. Tukamwita fundi, tukamfokea mbele za watu, tukazuia sehemu ya ujira wake. Tukanunua lami, tukaziba kila msumari. Asubuhi yake matone yakadondoka vilevile. Ndipo mama mmoja aliyefuata gunia lake akatuuliza: "Wanangu, mvua ilinyesha lini?" Tukatazamana. Mvua ilikuwa imekatika tangu mwezi wa tano. Sasa paa livuje nini?

Fundi tumemlipa haki yake na tumemwomba msamaha. Lakini kosa hili lipo hata majumbani mwetu, kwa hiyo leo tulifafanue.

Chukueni mtungi na chupa ya soda. Mtungi ukijazwa maji hulowa nje, kwa sababu maji ya ndani yanapenya kwenye udongo. Chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu nayo hulowa nje. Je, imetoboka? Hapana, jamani. Hewa ina mvuke usioonekana, na mvuke huo ukigusa kitu cha baridi hugeuka matone. Vyote viwili vimelowa, ila mtungi unapitisha maji na chupa inatoa jasho.

Nyumba ni hivyohivyo. Usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, bati hupoa upesi sana. Ndani tumelala watu sita, madirisha tumefunga, maharage yamechemka jioni nzima, nguo mbichi ziko kambani. Pumzi na mvuke vinapanda, vinakuta bati la baridi, na alfajiri linadondoka. Ghalani mvuke ulitoka kwenye mahindi yenyewe, maana tuliyapokea hayajakauka sawasawa.

Basi tutambueje? Fuateni haya:

1. Tazama siku. Maji yakija wakati wa mvua, au muda mfupi baada yake, shuku kuvuja. Yakija alfajiri ya baridi bila mvua na kukauka jua likipanda, hilo ni jasho.

2. Tazama mahali. Kuvuja kuna mahali pake: penye msumari au penye maungio ya bati. Jasho hutanda bati zima kama umande.

3. Tazama alama. Maji ya kuvuja mara nyingi huacha mchirizi wa kahawia kwenye mbao na ukutani, palepale kila mara. Lakini maji huweza kutembea juu ya mbao kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu huenda liko juu zaidi ya pale unapoona tone.

4. Kama bado una shaka, ngoja mchana mkavu. Mmoja amwage maji juu ya paa, aanzie chini akipanda polepole, mwingine awe ndani na tochi.

5. Ukuta au sakafu ikilowa, ifute ikauke, kisha bandika kipande cha nailoni na uzibe kingo zote. Iache siku mbili. Maji yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni jasho. Yakiwa chini yake, yanatoka ukutani au ardhini.

Kuvuja kunatibiwa kwa kubadili msumari, kuweka mpira chini ya kichwa chake na kupaka lami. Jasho halisikii lami. Dawa yake ni hewa: fungua madirisha mchana, acha upenyo kati ya ukuta na paa, weka dari hata ya mikeka. Magunia yakae juu ya chaga, yasiegemee ukuta.

Ndugu zangu, tusione ni maneno madogo. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine una sumukuvu, ambayo haiishi hata ukipika. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 hapa kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara, walikufa pia.

Kwa hiyo Kamati imeamua: kuanzia msimu ujao kila mzigo utapimwa mlangoni kwa chumvi. Tutatia punje kwenye chupa kavu, theluthi yake, pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tutikise, tungoje dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi kuanikwa. Tunajua wapo watakaonung'unika, hasa wenye kutoka mbali. Tutapima ya wajumbe wa Kamati kwanza, mkiona kwa macho yenu.

Na siku nyingine tukiona tone, tuulizane kwanza mvua ilinyesha lini, kabla ya kumtafuta mtu wa kulaumu.



Kamati ya Ghala