Mwanafunzi Aliyetoka Mbali
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



 Tuliombwa tuseme machache juu ya wanafunzi wa makabila na dini mbalimbali wanaosoma katika chuo cha ufundi kilicho hapa kwetu. Wengine wenu mliuliza mkiwa mlangoni: hayo si ni mambo ya mkuu wa chuo? Ni yake, lakini si yake peke yake. Chuo kina vitanda vichache. Wanafunzi wengi wanalala katika ploti zenu, wananunua sukuma na omena kwenu, wanabebwa na bodaboda za vijana wenu. Mwalimu anawaona mchana darasani. Jioni ikifika wako mikononi mwetu.

Kwanza tuelewe wamefikaje huku ziwani. Siku hizi nafasi za vyuo vikuu na vyuo vya ufundi zinagawanywa na idara ya serikali iitwayo KUCCPS, iliyoundwa na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012. Inaangalia alama za mtoto na kozi alizochagua. Haimfungi mtoto kusoma kwao tu. Ndiyo maana mtoto wa Wajir au Nyandarua anapangiwa hapa, na wa kwetu anapelekwa Kilifi au Meru. Kila mmoja wetu aliye na mtoto huko anaomba Mungu apate mama mwema wa kumwangalia. Basi na yule mama wa Wajir naye anaomba hivyo hivyo, na anayeombewa ni wewe.

Kila mwaka chuo kinafanya siku ya utamaduni. Mara ya mwisho tulikwenda, na wengi wenu tuliwaona pale uani. Vijana wa Kakamega walipiga isukuti mpaka wazee wakasimama, Wakalenjin walileta mursik katika vibuyu, Wakamba walipika muthokoi, wasichana wa Kisomali walitugawia anjera, na wetu wakapiga nyatiti. Tulikula vya kila kabila, tukacheka, tukapiga makofi. Siku hiyo ni nzuri na iendelee. Katiba yetu ya 2010 inasema utamaduni ndio msingi wa taifa, na kijana anayeona ngoma ya kwao ikiheshimiwa ugenini hupata nguvu ya kusoma.

Lakini ngoma ni ya Jumamosi moja. Jumatatu yake mwanafunzi anatafuta chumba. Anaona kibao kimeandikwa kwamba vyumba vipo. Anabisha, anakaribishwa vizuri, mpaka aulizwe jina. Akishataja jina, chumba kimeshachukuliwa! Wanafunzi zaidi ya mmoja wamekuja katika ofisi yetu na habari hiyo. Mwingine anapewa chumba lakini dipoziti yake ni ya miezi miwili, na jirani yake wa hapa nyumbani alilipa ya mwezi mmoja tu. Tukiuliza, tunaambiwa, “Hao watu tunawajua.” Tunawajua kutoka wapi? Mtoto wa miaka kumi na tisa amekufanyia nini?

Wacha tuseme wazi kile ambacho watu wanakiogopa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi hii. Watu wetu walifukuzwa Naivasha na Nakuru, wakafika hapa na watoto mgongoni bila hata sufuria, na parokia ikawapokea. Na hapa upande wetu, Kisumu, maduka ya watu wa makabila mengine yalichomwa. Yote mawili yalitokea, na anayetaja moja tu anadanganya. Wanafunzi walio chuoni leo walikuwa watoto wachanga wakati huo, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Kuwadai deni hilo ni dhuluma, na sheria pia inakataa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi wa kikabila, na haikusahau mambo ya mali na nyumba. Mwenye ploti aijue.

Jambo la pili ni ugonjwa, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Sisi tuliozaliwa karibu na ziwa tumeumwa malaria tangu utotoni, na miili yetu imejifunza kupigana nayo kidogo. Mtoto wa Nyandarua au wa kule juu kwenye baridi hana kinga hiyo. Kwetu malaria ni siku mbili za kulala. Kwake inaweza kupanda kichwani na kumuua. Mwaka jana msichana mmoja wa muhula wa kwanza alilala chumbani siku mbili na homa. Majirani walikuwa wamezoea kusalimiana kwa Kijaluo, yeye hakijui, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amezoeana naye. Aliyemwokoa ni mama mboga. Huyo mama aliona yule mtoto anayenunua nyanya mbili kila jioni hakupita jana, wala leo. Akaacha kibanda, akaenda kugonga. Alimkuta hajui aliko. Bodaboda ilimfikisha hospitali usiku, na leo yuko darasani. Huyo mama hakuwa na semina yoyote! Alikuwa na macho tu.

Kwa hiyo kila ploti iwe na mtu mmoja anayejua wapangaji wake wanafunzi kwa majina, na namba ya simu ya mzazi wa kila mmoja. Anayetoka sehemu zisizo na malaria aambiwe siku ya kwanza: lala ndani ya neti, na homa ikikushika usingoje asubuhi, nenda ukapimwe damu.

Lugha nayo. Hakuna anayewakataza kusema lugha ya mama. Katiba hiyo hiyo inailinda. Lakini mwanafunzi akiwa ameketi kati yenu, semeni Kiswahili. Mkicheka kwa lugha asiyoijua anadhani mnamcheka yeye, na saa zingine ni kweli. Hata Misa ya pili ya Jumapili tumeomba iwe ya Kiswahili muhula ukiwa umefunguliwa. Wazee walinung'unika kidogo, sasa wamezoea.

Tena kuna wenzetu Waislamu. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza kwa tofauti ya siku chache tu, na sisi tuliokuwa tumefunga tulipaswa kuwaelewa kuliko watu wote. Katika ploti moja keateka alizima stima saa nne usiku na kufungua saa kumi na mbili asubuhi. Vijana walikula daku gizani mwezi mzima, maji baridi na mkate. Walipoulizwa kwa nini hawakusema, walijibu kwamba waliogopa kufukuzwa. Stima ya saa moja ni shilingi ngapi? Na tukumbuke ya Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia chuo kikuu cha kule wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwatenga Wakristo. Maiti zilirudishwa pande nyingi za nchi. Baada ya hapo mwanafunzi Msomali aliangaliwa kwa jicho baya sehemu nyingi, naye hana hatia. Waliofanya vile walitaka tuchukiane, na kila tunapomnyima kijana chumba kwa sababu ya jina lake tunawamalizia kazi yao.

Sasa, vile vyama vya wanafunzi wa kwao. Chuoni Wakisii wana chao, Wakamba wana chao, na kadhalika. Wengine wanataka vipigwe marufuku. Sisi hatukubali. Mgeni akifika, chama hicho ndicho kinampa godoro la kuazima. Akifiwa, ndicho kinachanga nauli. Ubaya wake unaingia wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, ambapo mwanasiasa wa nje analeta pesa na chama kinageuka kuwa gunia la kura. Sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa 2016 ili huko wajumbe ndio wachague viongozi, lakini sheria haifundishi moyo. Tunachoomba ni vyama hivyo viwe na mlango wazi: mkitembelea mgonjwa, mtembelee na wa kabila lingine. Na vikundi vyenu pia! Kuna kikundi hapa cha kuchangishana kwa zamu ambacho kimeandikisha wanafunzi watatu wa kushona nguo, wawili wakiwa si wa hapa. Wanachanga kidogo, na ilipofika zamu ya mmoja akanunua cherehani ya mkono. Mweka hazina anasema hao ndio hawachelewi.

Hata wakubwa wetu walikuwa wanafunzi ugenini. Wengi mnakumbuka habari za ndege za Tom Mboya. Ya kwanza ilipeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, katika chuo cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Katika kitabu chake Unbowed ameeleza kwamba wakiwa njiani, Indiana, waliingia mkahawani kunywa kitu baridi wakakatazwa kuketi, kwa sababu ni weusi. Halafu akafika kwa masista, akapokelewa, akasoma biolojia, akamaliza 1964. Miaka arobaini baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Nchi ni hiyo hiyo moja, na milango miwili.

Wanafunzi wapya wanaingia Septemba. Tunaomba kila kikundi chenye wanachama wa ploti kilete katika ofisi ya maendeleo, kabla Agosti haijaisha, orodha ya vyumba vilivyo wazi na bei yake, bei moja kwa wote. Tutaibandika katika lango la chuo. Wenye ploti, kumbukeni kwamba mkopo wa HELB huchelewa, hasa kwa vijana wa kaskazini ambao mara nyingi hupata vitambulisho kwa shida. Msifunge mlango kwa kufuli wiki ya pili, njoni kwanza tuongee. Akina mama wa soko wamekubali kuwa zamu mbili mbili kituo cha matatu wiki ile ya kufungua, kuwaelekeza wageni. Bado tunahitaji wanne, na mmoja wao awe anajua Kisomali au Kiborana. Majina mpeni katekista leo kabla hamjaondoka.