Maradhi ya Pumu na Walinzi wa Mwili



Neno la leo ni juu ya maradhi ya pumu, na maradhi haya si mageni duniani. Tabibu mashuhuri Abu Bakr Muhammad al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika risala juu ya mtu aliyekuwa akishikwa na mafua kila yalipofika majira ya mawaridi, kwa sababu ya kuyanusa. Tabibu yule alikwisha tambua jambo kubwa, ya kwamba kitu kisichomdhuru mmoja huweza kumwudhi mwingine hata akaugua. Lililobaki kwa wanazuoni waliokuja nyuma ni kuijua sababu yake.

Hewa huingia kifuani kwa bomba la pumzi, nalo hugawanyika mfano wa mti, matawi makubwa kwa madogo, mpaka ndani ya mapafu. Kila mrija umezungukwa na misuli myembamba, na kwa ndani umetandikwa utando laini utoao ute. Zamani matabibu wengi walidhani kuwa pumu ni kukazana kwa ile misuli tu. Daktari William Osler aliandika mwaka 1892 ya kuwa mara nyingi ni uvimbe wa namna yake katika mirija midogo. Walakini matibabu yaliendelea kuilenga misuli kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 vipande vidogo vya utando vilitolewa vifuani mwa wagonjwa vikatazamwa kwa hadubini, na hata wenye pumu nyepesi walionekana wana uvimbe.

Basi uvimbe huo huletwa na nani? Ajabu yake ni kwamba huletwa na walinzi wa mwili wenyewe, yaani zile chembe za damu zilizowekwa kupigana na maradhi. Mtu mwenye pumu ya namna hii akivuta vumbi lenye utitiri, au taka za mende, au manyoya ya paka, chembe za doria zilizo chini ya utando hukichukua kitu kile na kukipeleka kwa chembe ziitwazo limfosaiti. Hizo huhukumu kuwa adui ameingia, zikatoa amri kwa vijumbe viitwavyo interlukini. Kwa amri hiyo mwili hutengeneza silaha iitwayo imunoglobulini E, iliyogunduliwa na wataalamu wa Marekani na Sweden katika miaka ya 1966 na 1967.

Silaha hiyo hujibandika juu ya chembe za masti, zilizojaa vifuko vya sumu kali. Siku vumbi lile litakaporudi, vifuko hupasuka kwa dakika chache. Histamini na wenzake hutoka, misuli hukazana, ute humiminika, na kifua hupiga mluzi. Huo ndio mshtuko wa kwanza. Baada ya muda wa saa 4 hadi 8 huweza kuja wa pili, maana chembe nyingine zimekwisha itwa kutoka damuni. Kubwa katika hizo ni eosinofili, alizozieleza Paul Ehrlich mwaka 1879. Kazi yake njema ni kupigana na minyoo. Lakini katika mirija ya pumzi hakuna mnyoo, na sumu yake huunguza utando wa mwenye nyumba. Mrija uliounguzwa hivyo mwaka baada ya mwaka huwa mnene na mwembamba wa njia.

Wako pia wagonjwa ambao kwao chembe nyingine, nutrofili, ndizo zilizotangulia, khasa kwa wavutaji wa sigara. Kwa hao dawa za kutuliza uvimbe aghalabu hazifanyi kazi vizuri kama kwa wengine.

Elimu hii ina faida yake nyumbani. Dawa za pumu ni za namna mbili. Ya kwanza hulegeza misuli, na mgonjwa huipenda kwa kuwa humfungua kifua papo hapo. Ya pili ni steroidi ya kuvuta, ambayo huwatuliza wale walinzi waliokasirika. Haionyeshi nguvu zake kwa saa moja, bali kwa siku na majuma. Wengi huishika ya kwanza na kuiacha ya pili, wakisema wamepona. Hao wamefukuza moshi na kuuacha moto. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki mtu mzima wala kijana atibiwe kwa dawa ya kulegeza misuli ya muda mfupi peke yake. Mwaka huo huo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliwaua watu 455,000, na wengi wao walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kadiri, ambako dawa ya pili ni adimu.

Ama mwezi wa Ramadhani, mgonjwa asiache dawa yake kwa shauri lake mwenyewe. Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa wakati wa daku na wa futari, na sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Amwulize daktari na Sheikh kabla mwezi haujaandama. Na anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikageuka rangi, au dawa isimsaidie, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane.

Mama akipikia nje ya chumba alalamo mtoto, baba akiacha sigara, na mwalimu wa madrasa akimruhusu mtoto kubeba dawa yake bila kuchekwa, walinzi wa kifua kile watapata sababu chache za kukasirika. Pumu haiambukizi, wala si aibu ya ukoo. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa afya, na wanaowatunza subira. Amin.