Warundi hawakukimbilia ulaji

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea na vijana wa Manzese, Dar es Salaam.)



Hapa kijiweni ukitaja kuhama nchi, mawazo yetu yanakwenda kwa wazamiaji: jamaa kajibanza melini, kaibukia Ugiriki, anatuma picha. Leo naomba tuiache hiyo safari ya majuu. Tuwatazame Warundi, waliokuja kwa miguu hadi Kigoma. Hakuna mwenye akili timamu anayeacha shamba la michikichi kule Rumonge aje kupanga foleni ya unga kambini, eti anafuata ulaji.

Wapo wakubwa wanaosema Mhutu na Mtutsi wamechukiana tangu enzi na enzi, basi mjadala umefungwa. Hilo ni jibu la mvivu. Watu hawa wana lugha moja, Kirundi, na wamekaa kilima kimoja vizazi na vizazi. Chuki ya jirani peke yake haihamishi watu laki moja. Mtu anahama pale askari aliyepaswa kumlinda anapokuja na orodha ya majina.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero haikuishia kuwasaka waasi hao. Jeshi na vijana wa chama tawala waliwakusanya Wahutu waliosoma: walimu, makarani, mapadri, hata wanafunzi wa sekondari. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Ninyi mliomaliza fomu foo nisikilizeni vizuri: cheti mlicho nacho ndicho kingewapeleka kaburini.

Watu wapatao 150,000 walivuka mipaka, wengi wao wakaja Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakafyeka, wakalima, wakajilisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ni ardhi. Burundi nzima ina kilometa za mraba 27,834. Mkoa wetu wa Tabora peke yake ni zaidi ya mara mbili yake. Katika nchi finyu namna hiyo, shamba la aliyekimbia halibaki wazi hata msimu mmoja. Wengine waliingia wenyewe, wengine waliwekwa na serikali, na mengine yakawa mashamba ya miradi. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1986, iliyompa nguvu ya kudai mtu aliyekalia ardhi miaka 30. Pigeni hesabu wenyewe: 1972 jumlisha 30. Mkimbizi yuko Mishamo anapalilia tumbaku, huku saa ya sheria inakwenda kinyume chake.

Mwaka 1993 matumaini yalirudi. Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa vyama vingi mwezi wa Juni, na tarehe 21 Oktoba akauawa na wanajeshi. Hakumaliza hata miezi minne Ikulu. Watutsi waliuawa vijijini kwa kulipiza kisasi, jeshi nalo likaua Wahutu, na vita ikala watu wapatao 300,000. Kura walipiga, ikavunjwa kwa risasi. Mlitaka mwananchi huyo asubiri nini tena?

Mapatano yalitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu aliyeyaanzisha mazungumzo hayo alikuwa amekwisha kufariki, Mandela ndiye aliyeyamaliza. Wakimbizi wakaanza kurudi, wakakuta mtu kajenga, kazaa na kuzika katika shamba lao. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 mwanzoni ilipendelea pande mbili zigawane. Baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba zima. Sasa aliyekalia naye akawa hana pa kwenda! Watoto waliozaliwa Katumba walifika wakiongea Kiswahili, shule zikawasubiri na Kifaransa.

Hesabu hiyo wenzao waliobaki huku waliiona mapema. Walipoulizwa mwaka 2007 warudi au waombe uraia wa Tanzania, karibu wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wakaupata.

Mwaka uliofuata, Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea muhula wa tatu. Tarehe 13 Mei 2015, akiwa hapa hapa Dar es Salaam kwenye mkutano, Jenerali Niyombare akatangaza kumpindua. Mapinduzi yalishindwa, redio binafsi zikachomwa, vijana wa Bujumbura wakasakwa. Maelfu walirundikana ufukweni Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na MV Liemba, ile meli ya Wajerumani ya 1913, ikawa inawasomba kwenda Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wanakimbia kwa mara ya pili, wengine ya tatu.

Wenzangu wa Kigoma mliopo hapa mnaijua kero ya kuhojiwa uraia kwa sababu Kiha kinafanana na Kirundi. Nasi mtaani tunaligeuza neno "mkimbizi" kuwa tusi. Ukimkuta Mrundi anauza karanga hapo stendi, muulize shamba la babu yake linalimwa na nani. Huenda akajua hata jina.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa. Naomba nikae, maswali yaanze.