SAA ZA KAZI NI AMANA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bariadi



Nimeombwa niseme nanyi kwa habari ya Mkristo na matumizi ya saa zake. Wengi wakisikia maneno hayo hudhani kuwa msemaji atawahimiza kusali zaidi. Mimi leo nitasema juu ya saa zile nane tunazokaa mezani, tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Maana ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja nisiyoitaja, alikuja mzee mmoja kwa baiskeli kutoka upande wa Meatu. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na mvua za kupandia pamba zilikuwa zimeanza. Alikuwa na karatasi ya kutiwa sahihi na muhuri, ili apate fedha alizoacha marehemu mwanawe, akodi ng'ombe wa kulimia. Aliniamkia "Mwangaluka" kwa adabu. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, baba."

Nilikuwa nikinakili nyimbo za kwaya yetu na kupanga safari ya mkutano wa kanisa. Niliiona kazi hiyo kuwa takatifu, wala moyo wangu haukunishtaki. Hata ulipofika wakati ambao Wasukuma huacha "Mwangaluka" wakaamkiana "Mwadila", mzee alikuwa angali ameketi kwenye benchi, na bwana mwenye kutia sahihi alikuwa amekwisha kuondoka. Mzee alirudi kesho yake, asimkute. Akarudi tena baada ya juma zima. Kazi yake, nilipoishika, ilichukua dakika 10. Alipokea karatasi, akashukuru, akasema neno moja tu: "Mwanangu, mvua haingoji." Jirani zake walikuwa wamekwisha kupanda.

Ndugu zangu, neno hilo limekaa nami kuliko mahubiri mengi. Sikuiba fedha, hakuna mkaguzi ambaye angeniona na kosa vitabuni. Lakini niliiba asubuhi ya mtu maskini, nikamtolea Mungu kama sadaka. Je, sadaka ya mali ya wizi hupokelewa?

Ukumbukeni mfano wa mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja, kuwatafuta wakulima. Sisi wenye kusema Kiswahili hatuhitaji kufasiriwa saa hizo, kwa kuwa twazihesabu vivyo hivyo tangu kupambazuka. Mara nyingi twausoma mfano huo kwa ajili ya malipo. Lakini tazameni pia jinsi bwana yule alivyowauliza watu kwa nini wanasimama siku nzima bila kazi. Basi, nasi tuwaonapo watu wakisimama dirishani kwetu siku nzima, tusidhani kuwa siku yao haina thamani. Siku ya mkulima ni shamba lake.

Tena nawakumbusha habari za wazee wetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba, karani Mkristo aliyesomeshwa Kiungani, Unguja, alianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Wakristo na Waislamu walikaa humo pamoja. Tangu siku hizo vyama vya namna hii vimedai mshahara wa haki na heshima kwa mtumishi, na madai hayo ni halali. Walakini, tutadaije kilicho chetu kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeficha kilicho cha wengine?

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ili pamoja na mengine huduma iwe karibu na watu wa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Lakini ofisi iliyo karibu yaweza kuwa mbali sana, ikiwa karani wake yumo katika simu yake.

Basi, naomba tushike mambo matatu. La kwanza, aliyetoka mbali aambiwe kweli mapema: kama mwenye sahihi hayupo, mtu ajue siku ya kurudi, asiketishwe bure. La pili, karatasi inayoweza kumalizika leo isilale mezani. La tatu, shughuli za kanisa zifanywe katika saa zetu wenyewe. Na saa tisa na nusu ikipita, jamaa zetu nao wapewe haki yao. Ndugu zetu Waislamu wana vipindi vyao vya sala vinavyojulikana. Na sisi tuwe na mpaka unaojulikana.

Mzee yule sikumwona tena, wala sikumwomba radhi. Deni hilo siwezi kumlipa yeye. Nalilipa kila asubuhi kwa yule wa kwanza anayefika dirishani.