Kifaru Chepesi: Tukijue, Tujilinde

Maneno yaliyotolewa mbele ya viongozi na familia za wakimbizi wa ndani

 

Nimeombwa kuzungumzia silaha, tena katika mkutano wa amani. Labda mmoja wenu anajiuliza: ya nini? Ni kwa sababu mtu anayejua njia za nyoka anajua pia mahali pa kutoweka mkono. Tumekimbia milio ya mizinga mara nyingi, lakini ni wachache walioelezwa kile kinacholia. Leo tuzungumze juu ya kifaru chepesi.

Kifaru chepesi ni nini?

Anayetengeneza kifaru anapima mambo matatu: nguvu ya mzinga, unene wa chuma na mwendo. Akiongeza chuma, uzito unapanda. Uzito ukipanda, daraja linavunjika na matope yanakimeza kifaru. Hawezi kupata yote matatu kwa pamoja. Kifaru kikubwa kama Abrams cha Marekani kina zaidi ya tani 60. Katika kifaru chepesi, chuma kinapunguzwa ili kipite mahali ambapo kile kikubwa hakipiti.

Chukueni mfano wa Scorpion ya Waingereza. Ilikuwa na tani 8 hivi, mwili wake ni wa aluminiamu. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, ardhi ilikuwa tope tupu na magari mengi yalishindwa. Scorpion chache zilipita pamoja na askari wa miguu. Siri yake ni uzito mdogo unaosambazwa chini na minyororo mipana. Ni kama mtu anayeweka ubao juu ya tope kabla ya kukanyaga.

Nchi yetu pia inavijua vifaru vya namna hiyo. Jeshi la wakati wa Zaire lilipata Type 62 kutoka China. Wachina walichukua kifaru chao Type 59 cha tani 36, wakakipunguza hadi tani 21, wakaweka mzinga wa milimita 85. Walitaka kifaru cha kupanda milima na kupita kwenye mashamba ya mpunga ya kusini mwa nchi yao.

Kazi yake na udhaifu wake

Kifaru chepesi kinatangulia kupeleleza. Kinawasaidia askari wa miguu kwa mzinga wake. Kinapiga nyumba iliyogeuzwa kuwa ngome. Lakini hakikuumbwa kusimama uso kwa uso na kifaru kikubwa.

Mwaka 1979 China ilipopigana na Vietnam, Type 62 nyingi ziliharibiwa, maana chuma chembamba hakikuzuia roketi za begani. Mwaka 2023 Ufaransa iliipa Ukraine magari ya AMX-10 RC, yenye magurudumu sita na mzinga wa milimita 105. Punde maofisa wa Ukraine walisema chuma chake ni chembamba mno kwa mashambulizi ya mstari wa mbele. Marekani nayo ilitengeneza M10 Booker. Kilifika karibu tani 38, kizito kuliko walivyotaka, na mwezi wa 6 mwaka 2025 jeshi lao likaacha kukinunua.

Inatugusaje sisi?

Kwanza, kwa kuwa chuma chake ni chembamba, kifaru chepesi kinaishi kwa kujificha. Kinapiga, kisha kinahama. Kinatafuta miti, kinatafuta ukuta, kinatafuta nyumba. Adui naye anajibu. Makombora yake yanaangukia pale kifaru kilipokuwa, na wakati huo chenyewe kimekwisha ondoka. Anayebaki pale ni mama na watoto wake.

Pili, tusijidanganye kwamba matope na njia mbaya vitatulinda. Kilitengenezwa kwa ajili ya njia kama hizo.

Sheria inasema nini? Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inazitaka pande zinazopigana zijiepushe kadiri inavyowezekana kuweka silaha na askari ndani au karibu na makazi ya watu wengi. Inakataza pia kuwafanya raia ngao. Kanuni hizi zinahesabiwa kuwa desturi ya mataifa hata katika vita vya ndani. Hatujasahau tarehe 3 mwezi wa 5, 2024, makombora yalipoangukia kambi za wakimbizi karibu na Goma, watoto wakafa. Siku ile haikuwa kazi ya kifaru, lakini fundisho ni lile lile: silaha na makazi ya raia visikae pamoja.

Tufanye nini?

Viongozi, mkiona gari la vita limesimama kati ya nyumba au karibu na kambi, msinyamaze, wala msiende mmoja mmoja kwa hasira. Nendeni pamoja na wazee na watu wa dini, au pitieni kwa Msalaba Mwekundu. Msiulize vita ni vya nani. Ombeni jambo moja tu: lihamishwe mbali na watu.

Familia, msikae kutazama, wala msipige picha. Likianza kupiga, msikimbilie kwake mkidhani chuma kitawakinga. Msipande juu yake hata mkiwa mmechoka na safari, maana ndilo linalolengwa.

Vijana, kifaru kilichoungua si chuma cha kuuza. Ndani na pembeni yake kunaweza kubaki makombora ambayo hayajalipuka. Usiguse, usirushe jiwe, usiwashe moto karibu. Rudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, wakataze wengine, mpashe habari kiongozi ili watu wa kutegua mabomu waitwe.

Ndugu zangu, wanaokiita chepesi wanapima tani zake. Kwa mtoto aliye mbele ya mzinga wake hakuna wepesi wowote. Hatuna uwezo wa kuzuia vifaru visitengenezwe. Tunao uwezo wa kudai visifichwe nyuma ya migongo yetu, na wa kuwafundisha watoto wetu kukaa mbali navyo.

 Mungu atujalie kurudi makwetu salama.