Jengo Peke Yake Halisomeshi

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka



Maktaba yetu ya jamii kule Nyarugusu inajiandaa kuhama kutoka chumba cha kuazima kwenda kwenye jengo lake. Tunashukuru kwa kila tofali na kila bati. Lakini sisi mliotukabidhi mfuko wenu tunaomba leo tuzungumzie gharama isiyopigwa picha: ya kuiendesha maktaba baada ya utepe kukatwa.

Nchi yetu imeshapita njia hii. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kampeni iliyofuata, vijiji vilianzishiwa maktaba ili waliojifunza kusoma wasisahau. Nyingi zilikufa. Vyumba vilikuwepo, ila vitabu vilichakaa bila kuletwa vingine, na malipo ya watunzaji yalikuwa haba. Kihasibu tunasema hivi: fedha za kuanzisha zilipatikana, fedha za kuendesha hazikutosha.

Majirani zetu wa Nairobi wanatupa somo la pili. Tangu 2017, taasisi ya Book Bunk imeshughulikia kufufua maktaba kongwe za umma, zikiwemo za Kaloleni na Makadara. Haikuishia kwenye rangi na rafu. Ilileta pia shughuli za watoto, mazungumzo na waandishi, muziki na maonyesho. Mtu huja kwa sababu ya shughuli, akaondoka na kitabu.

Kwetu shughuli hazitakosekana. Tunapendekeza jioni ya hadithi za Kiha, wazee wasimulie na vijana waandike. Tunapendekeza mashindano ya kusoma kati ya shule za msingi, siku ya wakulima pamoja na afisa ugani, na masomo ya jioni kwa watoto wa kidato cha nne ambao nyumbani hawana taa wala meza.

Tangu 1996 dunia imelijua jina la Nyarugusu kwa sababu ya kambi ya wakimbizi. Hatuoni aibu kwa hilo. Kumpokea aliyekimbia vita ni heshima. Mkongo wa kambini tunaongea naye Kiswahili, na Mrundi huielewa hadithi ya Kiha bila mkalimani. Tungependa jina hilohilo lijulikane pia kwa watu wanaosoma.

Sasa hesabu. Wanachama 200 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, tunapata shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Tunapendekeza nusu, shilingi 6,000,000, iwe posho ya mkutubi. Shilingi 3,000,000 ziwe za vitabu vipya. Na 3,000,000 zilizobaki ziwe za umeme, matengenezo na shughuli. Aliyeko nyumbani asiye na fedha taslimu anaweza kuleta debe la maharage wakati wa mavuno. Litauzwa hadharani na kuandikiwa stakabadhi.

Tunajua swali lililo mioyoni mwenu: fedha zitakuwa salama? Tunapendekeza akaunti ya maktaba iwe peke yake, isichanganywe na mfuko wa misiba wala wa harambee nyingine. Kutoa fedha kuhitaji saini tatu, moja ikiwa ya mtu anayeishi kijijini. Na kila baada ya miezi mitatu, taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani mwa maktaba, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne ataisoma na kuuliza maswali.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Jengo tutalizaa pamoja. Kabla hujaondoka leo, chukua fomu ya ahadi ya mwezi, ujaze kiasi unachokiweza, hata kama ni kidogo, mradi kisikatike. Elfu tano isiyokosa mwezi ina faida kwa maktaba kuliko laki moja ya siku ya sherehe.